Hudson Taylor aliacha vyote akaenda China, je na mimi niache kazi mwezi ujao?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Nina miaka 34, ni nesi hospitali ya wilaya, nina mke na watoto wawili, mdogo ana miezi minane. Tangu mwaka jana nasoma habari za Hudson Taylor, mmisionari wa China, yule aliyevaa nguo za Kichina na kusuka mkia wa nywele, hakuwa na mshahara, hakumwomba mtu hela hata siku moja, aliomba Mungu tu na vitu vikaja. Nasikia moyoni na mimi nimeitwa. Kuna kijiji nchi jirani tuliwahi kwenda na kwaya, lugha yao siijui, kanisa hakuna. Nataka niache kazi mwezi ujao, niuze kiwanja, twende bila shirika na bila kumtangazia mtu. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa, analia, siku hizi hata chakula hataki, usiku hatulali wote wawili. Mwenzangu kazini naye kaniambia wamisionari wa China walikuja nyuma ya meli za kasumba (ile dawa ya kulevya) za Waingereza. Je, nikisita sasa hivi si kukosa imani? Taylor angefanyaje?"

Jibu:

Amina ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona unachoniuliza hasa ni kama kusubiri ni dhambi, na unamshika Taylor awe shahidi wako mbele ya mkeo. Mi nafundisha historia ya misheni, nampenda sana huyu mtu, na kwa sababu nampenda siwezi kuacha atumike kusema kitu ambacho maisha yake hayakusema. Habari zake zinazosambazwa makanisani mara nyingi zimefupishwa, wanachukua siku ya wito na siku ya muujiza wanaunganisha, ile miaka ya katikati inaachwa. Sasa miaka ya katikati ndo jibu lako lilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tuanze na hili la kuondoka ghafla. Taylor alizaliwa 1832 Barnsley, Uingereza, baba yake muuza dawa na mhubiri wa Kimethodisti. Aliokoka 1849 akiwa na miaka 17, na mwaka huohuo akaanza kusikia China moyoni mwake. Meli aliipanda lini? Septemba 1853, Liverpool. Hapo katikati kuna kama miaka minne, na hakuipoteza. Alianza kujifunza Kichina peke yake kwa kulinganisha Injili ya Luka ya Kichina na ya Kiingereza, akaenda mji wa Hull kuwa msaidizi wa daktari, akaenda London hospitalini kusoma udaktari, huko akapata maambukizi kwenye chumba cha kupasulia maiti karibu afe. Ile hadithi maarufu unayoijua bila shaka, ya daktari aliyekuwa anasahau kumlipa na Taylor akakataa kumkumbusha ili ajipime kama anaweza kumsogeza mtu kwa maombi tu, ilitokea Hull. Alikuwa kijana wa miaka 19, bachela, amepanga chumba kimoja, na njaa kama ingekuja ingemla yeye peke yake. Hakuwa na mtoto wa miezi minane. Imani yake siishushi thamani hata kidogo, naomba tu uone aliijaribu wapi na kwa gharama ya nani.

La pili, kwamba alienda bila shirika. Hapana. Alitumwa na shirika lililoitwa Chinese Evangelization Society, na lilimtesa. Alifika Shanghai tarehe 1 Machi 1854, mji uko vitani, sehemu ya Wachina imeshikwa na waasi, nyumba na chakula bei juu, na hela aliyopangiwa na wale wa London haitoshi maana waliipanga bila kujua hali ya kule. Alikaa kwa hisani ya wamisionari wa mashirika mengine, kitu ambacho kilimuumiza sana. Halafu akagundua shirika lake linakopa ili kuendesha kazi, yeye anaamini Mungu halipi kazi yake kwa deni, basi 1857 akajiuzulu. Kwa hiyo kabla hajawa yule Taylor wa vitabu, alikuwa tayari ameonja kutumwa bila mpango na watu waliokuwa na moyo mzuri kabisa. Kila kanuni aliyoiweka baadaye ilitoka kwenye maumivu hayo. Ukimuuliza leo kuhusu kwenda bila watu nyuma yako, angekuwa mtu wa kwanza kukuuliza nani atakupokea, nani atakuandikia, na mambo yakiharibika nani atajua.

Sasa hapa kwenye hela nataka nikae kidogo maana ndo penye utata mkubwa. Ni kweli shirika lake la China Inland Mission halikuahidi mtu mshahara, halikupitisha kapu la sadaka kwenye mikutano yake, na halikukopa. Alilianzisha baada ya siku ile ya Juni 1865 ufukweni Brighton alipoomba Mungu ampe watenda kazi 24, wawili kwa kila mkoa wa bara usiokuwa na mmisionari na wawili wa Mongolia, siku mbili baadaye akafungua akaunti benki na pauni 10. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini angalia alichofanya mwaka huohuo: aliandika kitabu kizima kuhusu hali ya China, mikoa kwa majina, idadi ya watu, umbali, akakigawa kwenye mikutano mikubwa. Mfanyabiashara mmoja anaitwa William Berger, mwenye kiwanda cha stachi, akachukua kazi yote ya ofisi ya nyumbani, kupokea hela, kuandika barua, kusaili waombaji, akaifanya kwa miaka. George Müller wa Bristol, yule wa vituo vya yatima, alikuwa anatuma hela mara kwa mara. Kukawa na jarida dogo la taarifa, na kuanzia 1875 likatoka gazeti la kila mwezi lenye ramani na picha, na michango iliyopokelewa ilikuwa inachapishwa watu waone.

Unaona tofauti? Hakumwambia mtu nipe, lakini hakuficha kitu. Maelfu ya watu walijua yuko wapi, anafanya nini, amebakiwa na nini, na walikuwa wanamwombea kwa jina. Halafu kinachoingia kinagawanywa, mwezi ukiwa mbaya wote wanapungukiwa pamoja, mkurugenzi naye yumo. Huo ni mfumo ndugu yangu, tena mfumo mzuri wenye mahesabu. Wewe unasema utaondoka bila kumtangazia mtu. Taylor hakufanya hivyo hata mara moja baada ya kuwa na familia. Na kama unadhani kumwomba mtu hela ni kukosa imani, jibu ni hapana, na yeye mwenyewe hakuwahukumu mashirika yaliyokuwa yanaomba, aliifanya hiyo kuwa njia ya shirika lake, hakuifanya sheria ya Wakristo wote. Paulo aliwaandikia Wakorintho wazi kabisa kuhusu mchango, hakuna anayemwambia Paulo hana imani.

Kuhusu nguo na mkia wa nywele nitaenda haraka. Alianza 1855, akanyoa mbele, akavaa joho la Kichina, Wazungu wenzake Shanghai wakamcheka na kumdharau. Alichokuwa amegundua ni kwamba akihubiri na koti la Kizungu watu wanatazama koti. Na ule mkia haukuwa urembo tu, watawala wa Qing walikuwa Wamanchu na waliwalazimisha wanaume wa Kichina kuuvaa kama alama ya utii, waasi wa Taiping waliokuwa wanapigana nao wakaikataa alama hiyo kwa kuacha nywele zikue, kwa hiyo kichwa chako kilikuwa kinasema uko upande gani. Sasa watu wakisoma habari hii wanavutiwa na nguo, mimi nakuomba utazame lugha. Joho unanunua asubuhi unavaa mchana, lugha inakula miaka. Alijifunza lahaja zaidi ya moja, alifanya kazi ya kusahihisha Agano Jipya la lahaja ya Ningbo, na baadaye shirika lake likawa na vituo maalum, Anqing kwa wanaume na Yangzhou kwa wanawake, mgeni anakaa anasoma lugha kabla hajapelekwa popote. Wewe umeandika "lugha yao siijui" kama jambo dogo, katikati ya sentensi. Kwa Taylor hilo ndo lingekuwa la kwanza.

Nije kwa mke, maana naona hapo ndo panakuuma na ndo umepita haraka zaidi.

Maria Dyer hakuburutwa kwenda China. Alizaliwa Melaka, baba yake alikuwa mmisionari na mchapishaji, akabaki yatima, na alikuwa tayari anafundisha shule ya wasichana Ningbo kabla Taylor hajakanyaga China. Lugha ya pale aliijua vizuri kuliko wageni wengi. Mkuu wa shule alipinga ndoa kwa nguvu zote, Maria akasubiri kibali cha mjomba wake London, barua za meli zile za miezi na miezi, wakaoana Januari 1858. Yaani wito ulikuwa wake yeye mwenyewe, haukuwa wa mume na yeye akaufuata. 1866 waliposafiri na meli Lammermuir na watoto wanne pamoja na wamisionari wengine 16, alikuwa anajua vizuri anakokwenda.

Na hata hivyo, gharama yake isikie yote. Agosti 1867 binti yao Grace, miaka 8, alikufa. Agosti 1868 mji wa Yangzhou watu walivamia nyumba yao kwa uvumi kwamba wageni wanaiba watoto, wakaichoma moto, Maria ana mimba kubwa ikabidi aruke kutoka ghorofani akaumia. Februari 1870 mtoto wao Samuel akafa. Mwezi uliofuata watoto watatu wakubwa wakarudishwa Uingereza na rafiki yao Emily Blatchley, na wale watoto hawakumwona mama yao tena. Julai akazaa mtoto wa kiume, Noel, akaishi siku 13. Siku chache baadaye, tarehe 23 Julai 1870, Maria akafa Zhenjiang, kipindupindu juu ya kifua kikuu, ana miaka 33. Yote haya ndani ya miaka mitatu. Wanaohubiri habari hii kama ushindi mtupu nadhani hawajakaa na tarehe hizi kimya zikawaingia. Taylor mwenyewe hakuificha huzuni yake, alikuwa mtu wa kuugua, kuchoka na kukata tamaa, na barua zake zinaonyesha.

Alioa tena 1871, Jennie Faulding, naye alikuwa mmoja wa wale waliopanda Lammermuir, naye lugha anaijua. Shanxi ilipopigwa na njaa kubwa ya 1876 hadi 1879, njaa iliyoua mamilioni kaskazini mwa China, Taylor ni mgonjwa Uingereza, Jennie ndiye aliyerudi China 1878 kusaidia wenye njaa na yatima. Ulishawahi kuambiwa hilo? Kwa hiyo kwenye maisha ya Taylor huwezi kukuta hata sehemu moja ambapo yeye aliona na mke akaburuzwa. Kama unataka mfano wa mume na mke waliotengana kwa ajili ya misheni, huo upo na uko karibu na kwetu: C. T. Studd, mchezaji kriketi maarufu wa Uingereza, alikuwa mmoja wa vijana saba wa Cambridge waliojiunga na shirika la Taylor 1885, akagawa urithi wake wote, na uzeeni akaenda Kongo, akafia Ibambi 1931. Mke wake Priscilla alibaki Uingereza mgonjwa wa moyo akiendesha ofisi ya misheni, na miaka yote ile alimtembelea Kongo mara moja tu. Wapo wanaoona huo ni utukufu. Mimi naona ni huzuni iliyozaa matunda, na sikushauri uichague kabla haijakuchagua.

Mwenzako wa kazini usimfukuze, sehemu ya anachosema ni kweli. Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti China, alifika 1807 na akaweza kubaki kwa kuwa mkalimani wa kampuni ya East India, kampuni ambayo kasumba iliyouzwa China ilitoka mikononi mwake huko India. Karl Gützlaff, ambaye Taylor alimheshimu sana, alisafiri kama mkalimani kwenye meli ya wafanyabiashara wa kasumba akigawa vijitabu vya injili. Bandari tano zilifunguliwa kwa mkataba wa Nanjing wa 1842 baada ya vita vya kasumba, na ruhusa ya wamisionari kuingia bara ilitokana na mikataba ya 1858 na 1860, nayo ilisainiwa baada ya mizinga. Taylor aliingia kwa mlango huohuo. Baada ya fujo za Yangzhou konseli wa Kiingereza alikwenda na manowari kudai fidia, Taylor hakuomba manowari lakini yeye ndiye aliyelaumiwa mpaka bungeni London. Kwa Mchina wa kawaida mgeni wa injili na mgeni wa kasumba walikuwa na sura moja na bendera moja.

Lakini asikwambie nusu tu. Taylor aliilaani biashara ya kasumba waziwazi maisha yake yote, na shemeji yake Benjamin Broomhall aliongoza kampeni Uingereza ya kuipiga marufuku. Kule Shanxi, Xi Shengmo, msomi aliyekuwa mtumwa wa kasumba akaacha alipookoka, alifungua nyumba nyingi za kuwasaidia watumiaji, akaziongoza yeye Mchina, siyo Mzungu. Na mwaka 1900 waasi wa Boxer, Wachina waliokuwa wanapinga wageni, walipoua watu 79 wa China Inland Mission, 58 wakubwa na 21 watoto, na Wakristo wa Kichina kwa maelfu, serikali za nje zikadai fidia kubwa, Taylor alikataa shirika lake lipokee fidia ya maisha au ya mali. Nadhani hapo alikuwa ameelewa jambo ambalo wengi wa kizazi chake hawakulielewa. Kwako wewe linakuja hivi: hata nchi jirani utaingia na kitu mgongoni, uraia wako, hela yako hata kama ni kidogo, koti la nesi. Watu watakusoma kwa hivyo kabla hujafungua Biblia.

Sasa ufanye nini. Kuacha kazi mwezi ujao na kuuza kiwanja, nakwambia wazi usifanye. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, na ni cha wanao pia. Kingine ambacho unakijua kitaaluma ila kwa moto ulionao unaweza kukipuuza: leseni yako ya uuguzi haikuruhusu kutibu nchi nyingine mpaka baraza la kule likusajili, ukigawa dawa kijijini bila usajili unaweza kuishia kituo cha polisi na kijiji kikafungiwa mlango kwa wengine watakaokuja baada yako. Unaweza kuomba likizo ya miezi michache ukaenda kukaa pale, kuanza lugha, kuona shule, maji, dispensari iko umbali gani, hiyo ni njia nzuri kidogo ila usiondoke sasa na mtoto mdogo hivyo na hali ya nyumbani ilivyo. Njia ninayoipenda zaidi ni ya polepole: tafuta mtu wa kabila lile anayeishi karibu na wewe uanze lugha hapohapo ulipo, ongea na idara ya misheni ya kanisa lako, nesi mwenye uzoefu ni mtu anayetafutwa sana kwenye misheni, huna sababu ya kwenda kama mkimbizi. Ikichukua miaka mitatu au minne umekwenda kwa mwendo wa Taylor hasa. Kuna gharama, sitakudanganya, moto unaweza kupoa, unaweza kupandishwa cheo ukanogewa, na watu watakuuliza vipi ule wito. Hiyo hatari ipo. Naona bado ni ndogo kuliko ile nyingine.

La mwisho halihusu historia na ndo la haraka kuliko yote. Shemeji ana mtoto wa miezi minane, halali, hataki kula, analia. Wewe ni nesi, angekuwa mgonjwa wako ungeshaandika rufaa. Inawezekana ni huzuni ya uamuzi wako tu, inawezekana pia ni sonona ya baada ya kujifungua, na barua yangu haiwezi kupima hilo. Mpeleke kliniki wiki hii akaonane na mtu ambaye siyo wewe, na akisema maneno ya kutaka kufa au kwamba watoto wangekuwa salama bila yeye, ni siku hiyohiyo, usisubiri ibada iishe. Na wewe pia, kutolala kwa muda mrefu huku mawazo yanakimbia na maamuzi makubwa yanakuja haraka, kamuone daktari, siyo mchungaji peke yake. Haipunguzi wito. Taylor alirudi Uingereza 1860 kwa sababu ya ugonjwa akakaa huko karibu miaka sita, na habari za 1900 zilimkuta Uswisi mgonjwa kiasi kwamba wenzake walimpunguzia telegramu zinazokuja.

Baada ya hapo ndo mwende kwa mchungaji, wote wawili, na kama kuna mama mmoja mtu mzima kanisani ambaye shemeji anamwamini awepo pia. Umwache mkeo aongee wa kwanza mpaka amalize, na habari za Taylor uziache nyumbani siku hiyo.